Mwalimu Fernandes Hakuondoka

Ukiniuliza ni riwaya gani imeziandika vizuri shule zetu kongwe za mjini Dar es Salaam, zile za Upanga ambazo baadhi yetu tulisoma na wengine walilia walipopangiwa kwingine, nitakutajia The Book of Secrets ya M.G. Vassanji. Najua kitabu chenyewe hakitangazwi hivyo. Kinatangazwa kama riwaya ya fumbo: shajara ya ofisa wa Kiingereza ya mwaka 1913, mpakani mwa Kenya na Tanganyika, mwanamke aliyeolewa, mtoto mwenye macho yasiyofanana na ya baba yake. Mwaka 1994 kilipata Tuzo ya Giller huko Canada, ya kwanza kabisa kutolewa, na waliokisifu walikisifu kwa habari za dola na mipaka. Lakini anayesimulia yote hayo ni mwalimu mstaafu wa historia, na aliyemletea shajara ni mfanyabiashara aliyekuwa mwanafunzi wake. Yule binti anayemsumbua moyo hadi uzeeni alikuwa mwanafunzi wake pia, na rafiki yake wa ajabu, mshairi wa Kiingereza aliyeitwa Gregory, alifundisha naye. Ukimwondoa mwalimu, kinachobaki ni kesi ya kipelelezi. Shule ndiyo inayokifanya kiwe kitabu.

Mwalimu huyo anaitwa Pius Fernandes, Mgoa aliyefika Dar mwaka 1950 kufundisha watoto wa jumuiya ambayo Vassanji anaiita Washamsi. Msomaji wa Dar haulizi sana hao ni nani. Vassanji mwenyewe alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akakulia hapa katika familia ya Waismailia, mama yake akiwa na duka Mtaa wa Uhuru, na akasoma katika shule za Aga Khan. Shule ya wavulana ya Aga Khan ya Upanga, baada ya serikali kuichukua, ndiyo Tambaza. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya Shule ya Wavulana ya Shamsi katika riwaya tunazungumza, kwa namna fulani, juu ya majengo ambayo leo yana wanafunzi wa kidato cha tano wa mchepuo wa HGL wanaogombania viti.

Nieleze jiografia kidogo kwa msomaji asiye wa Dar, maana katika kitabu hiki jiografia ina kazi. Shajara inapatikana katika duka la zamani kwenye makutano ya Uhuru na Msimbazi, Kariakoo. Kutoka hapo, ukifuata Msimbazi sambamba na njia ya mwendokasi hadi Faya, ukavuka Barabara ya Morogoro ukaingia Umoja wa Mataifa, utaikuta Jangwani, utaikuta Azania, na ukiendelea upande wa Muhimbili, Tambaza. Kwa miguu hata nusu saa haifiki. Lakini mji huu ulipangwa ili mwendo huo uwe mrefu. Wajerumani walianza na Waingereza wakakamilisha: Uzunguni huku, Uhindini katikati, Waafrika Kariakoo, na Mnazi Mmoja ukaachwa wazi ili uwatenganishe. Shule nazo zikafuata ramani hiyo. Azania ilianza kama shule ya watoto wa Kihindi. Mtoto wa Kariakoo alikuwa na shule zake, upande wake wa Mnazi Mmoja. Mfumo huo wa elimu kwa rangi ulifutwa kisheria mwanzoni mwa mwaka 1962, na sheria ya mwaka 1969 ikaipa serikali nguvu ya kuchukua shule za jumuiya na za madhehebu. Ndani ya miaka minane hivi milango ikafunguliwa, na mabango yakabadilishwa.

Jina Tambaza nalo lina la kusema. Ni jina la ukoo wa wenyeji wa Upanga, ukoo wa Jumbe Tambaza, mmoja wa wazee wa mjini waliosimama na TANU. Aliyeibadilisha shule jina hakuipa la shujaa wa mbali wala la waziri. Aliirudishia ardhi jina la mwenyewe. Naliona jambo hilo kuwa la busara kuliko mengi yaliyofanyika wakati ule, na ninashangaa kwamba halisimuliwi mstarini asubuhi, pale ambapo wanafunzi wanasimulishwa mambo mengi yasiyo na maana kuhusu urefu wa nywele.

Sasa nije kwenye ubora wa kitabu. Vassanji anamjua mwalimu. Anajua kwamba mwalimu wa shule ya mjini huishi maisha ya watu wengine: anamfundisha kijana miaka minne, kijana anaondoka, miaka thelathini baadaye anakutana naye barabarani akiwa na kitambi na duka, na bado anamwita "mwalimu" kwa sauti ile ile ya mtu anayeogopa kuulizwa kazi ya nyumbani. Feroz, yule mfanyabiashara aliyeleta shajara, hakuwa mwanafunzi wa kutajwa kwenye mahafali. Lakini ndiye aliyebaki, na ndiye aliyeona kwamba karatasi kuukuu za dukani zinamhusu mwalimu wake wa historia. Hapo pana jambo zuri ambalo Vassanji halisemi kwa sauti. Mtu aliyetumia maisha yake kuwafundisha watoto historia iliyoandikwa na wengine anaanza kuifanya historia mwenyewe akiwa amestaafu, mwaka 1988, kwa karatasi zilizotoka Kariakoo. Hazikutoka makumbusho wala chuo kikuu. Zilitoka dukani.

Nimesoma riwaya nyingi za shule, za Kiingereza hasa, zile za mabweni, kriketi na viranja wenye fimbo. Karibu zote zinasimuliwa na mwanafunzi, na mwanafunzi huona shule kama kitu kilichojengwa kwa ajili yake, kikafungwa alipoondoka. Kumpa mwalimu usimulizi kunavunja hilo. Mwalimu anaona zamu. Anawaona hawa wanaingia na wale wanatoka, na anajua kwamba jengo haliwakumbuki.

Kuna jambo jingine. Katika ulimwengu wa Vassanji karibu kila mtu anaondoka. Katika Uhuru Street, mkusanyiko wake wa hadithi fupi wa 1991, kuna hadithi iitwayo "Leaving" ambamo kijana Aloo, aliyepangiwa kusomea kilimo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilhali moyo wake haupo huko, anapata nafasi chuo kikubwa cha California, na mama yake, mjane aliyewalea kwa duka la Mtaa wa Uhuru, lazima aamue. Ni hadithi fupi na kali. Kwa msomaji wa Toronto ni hadithi ya uhamiaji. Ukiisoma ukiwa Dar unaona ni hadithi ya shule: ya mtoto aliyeonyeshwa na shule yake kwamba upeo uko ng'ambo, na ya fomu za kujaza. Vassanji mwenyewe alikwenda Massachusetts kusoma fizikia mwaka 1970. Katika mazingira hayo Pius Fernandes ni wa pekee kwa sababu mwaka 1988 bado yupo. Rita yuko London na wengine wametawanyika. Yeye, Mgoa, asiye Mshamsi wala Mswahili, mtu ambaye hakuwa na sababu yoyote ya ukoo kubaki, yupo Dar, joto la mchana linamchosha, anaandika.

Hapo ndipo kitabu kinapopata nguvu yake, na pia ndipo ninapoanza kubishana nacho.

Shule katika kitabu hiki ina uhai mkubwa miaka ya hamsini na sitini. Ina walimu wenye majina na tabia, michezo ya kuigiza, wivu, mapenzi ya siri, uvumi. Kisha nchi inabadilika, na shule inakuwa kumbukumbu. Wanafunzi waliokuja baadaye, wale waliovuka Mnazi Mmoja na Barabara ya Morogoro kuja kukaa kwenye madawati yale yale, hawana majina. Sisemi kwamba mwandishi anawadharau. Vassanji si mwandishi wa dharau, na kwa Kariakoo ana mapenzi ya kweli: safari yake ya kumbukumbu aliyoichapisha mwaka 2014 aliiita And Home Was Kariakoo, jina ambalo wengi wenye historia kama yake wasingelithubutu. Nasema tu kwamba jicho lake linachoka linapofika hapo. Tazama Waafrika katika Uhuru Street. Kuna Ali, kijana wa kazi. Kuna waombaji, walinzi, wapita njia. Katika "Breaking Loose", binti wa Kihindi aitwaye Yasmin anavuka mstari wa rangi na kupenda, lakini anayempenda ni profesa kutoka Ghana. Ghana! Ilibidi mtu apande ndege kutoka Afrika Magharibi ili binti wa Uhindini ampende Mwafrika, wakati Gerezani iko palepale nyuma ya duka.

Mtu atanijibu kwa The Gunny Sack ya 1989, na atakuwa na haki. Pale yupo Amina, msichana wa Kiafrika wa nchi hii hii, mwenye akili na ubishi wake, na mapenzi ya Salim kwake ni kati ya sehemu hai zaidi alizowahi kuandika Vassanji. Ila angalia wanakutana wapi. Wanakutana kambini, Jeshi la Kujenga Taifa, kwa amri ya serikali. Ilihitajika kambi. Darasa halikutosha, au mwandishi hakuamini kwamba lingetosha.

Mimi naamini lilitosha, kwa watu wachache, kwa miaka michache. Shule niliyosoma, mojawapo ya hizo za mjini ambayo sitaitaja, ilikuwa na stoo nyuma ya maabara ambako tulitumwa siku moja kupanga vitabu kabla ya ugeni. Kulikuwa na rejista za uandikishaji za zamani, zile kubwa zenye jalada gumu. Kurasa zilichapishwa kwa safu, na safu moja iliandikwa kwa Kiingereza "Community", yaani jumuiya. Kwa kurasa nyingi karani ameijaza kwa uaminifu: Ismaili, Hindu, Goan, Ithna-Asheri. Kisha majina yanaanza kuchanganyika, Patel anafuatwa na Mwinyimkuu, Fatma binti fulani anafuatwa na D'Souza, na karani anaonekana hajui aandike nini. Kwa muda anaandika "African". Kisha anaandika "TZ". Kisha anaiacha wazi, na kuanzia hapo ni wazi hadi mwisho wa kitabu. Mwenzangu alinihimiza tumalize kazi. Sijui kama rejista ile bado ipo. Stoo zetu zina mchwa na zina wakuu wa shule wapya wanaopenda kuchoma taka. Lakini kurasa zile ambamo karani hajui la kuandika ndizo riwaya ninayoitaka, na haipo.

Haipo upande wa Vassanji, na haipo upande wetu pia. Tusijidanganye kwamba fasihi ya Kiswahili imeziba pengo. Shaaban Robert alisoma Msimbazi, hapa hapa, kati ya 1922 na 1926, na bado katika Maisha Yangu nafasi kubwa ameipa kazi, ndoa na utu. Mohamed Said, katika kitabu chake juu ya Abdulwahid Sykes, ameiandika Kariakoo ya siasa mtaa kwa mtaa, pamoja na shule ya Al Jamiatul Islamiyya. Kazi yake ina thamani kubwa, lakini yeye ni mwanahistoria na hoja yake ni nyingine. Riwaya ya shule ambayo kizazi changu kimeisoma, kwa sababu tulilazimishwa, ni Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo ya mwaka 2002. Humo Peter na Zita wanafukuzwa shule kwa kukosa ada na sare, na maisha yao yanahamia jalalani. Ni kitabu cha huruma kali. Lakini shule ndani yake ni geti lililofungwa. Hatuingii. Hatuwajui walimu kama watu, hatujui nani anampenda nani, nani anaandika mashairi usiku.

Zingatia hali hii ya ajabu. Mwanafunzi wa Upanga anafundishwa karibu kila somo kwa Kiingereza. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba jambo hilo libadilike, na tunajua lilivyoishia. Kwa hiyo Kiingereza anakitumia kujifunza usanisinuru na vita vya Napoleon. Katika lugha hiyo hiyo kuna riwaya iliyojaa harufu ya mtaa anaopita kila siku kutafuta daladala, na hiyo hapewi. Anapewa Mbogo kwa Kiswahili, ambaye anamwonyesha geti kwa nje. Vassanji, anayemwonyesha ndani, anasomwa Canada. Hawa wawili wangekutana darasani kungekuwa na ubishi mkali, na ubishi huo ndio ningependa kuufundisha.

Badala yake kumbukumbu zetu za shule zimeachiwa makundi ya WhatsApp na hotuba za mahafali. Nimezisikia nyingi. Waliosoma kabla ya 1970 husimulia nidhamu, maktaba, walimu wa kigeni, ukumbi uliong'arishwa, kisha "serikali ikachukua", na sentensi inaishia hapo. Waliosoma baada ya 1970 wanaanza pale pale wenzao walipoishia: ujamaa, shamba la shule, gwaride, mwalimu fulani wa hisabati aliyekuwa mkali kama pilipili, orodha ya mawaziri na majaji waliotoka hapo, kisha "siku hizi shule si shule". Kila upande una enzi yake ya dhahabu, na kila upande dhahabu iliisha siku watu wengine walipoingia. Kwa wa kwanza, wengine hao ni sisi. Kwa wa pili, ni watoto waliojaza madarasa tangu ada ilipofutwa mwaka 2016. Lawama ni ile ile, imehamishwa tu dawati.

Kwa hili Vassanji ni mwaminifu kuliko wasemaji wa mahafali. Fernandes hasemi kwamba shule ya zamani ilikuwa njema. Anajua kwamba ukumbi ule uliong'aa uliwekwa kwa jumuiya moja. Anajua pia kwamba yeye mwenyewe, mwajiriwa kutoka Goa, alikuwa mgeni ndani yake, na kwamba Gregory, Mwingereza asiyefuata desturi za Waingereza wenzake, alikuwa mgeni zaidi. Shule inayosimuliwa na mgeni haina nafasi ya kujisifu. Kile ambacho Fernandes hana ni mwanafunzi wa pili: Feroz mwingine, anayeitwa labda Salumu, aliyeingia kidato cha kwanza mwaka ambao karani aliacha safu wazi, akafundishwa na mzee huyo huyo wa Kigoa tarehe zile zile, na ambaye mwaka 1988 angekuwa na umri wa kubisha hodi kwake na karatasi zake mwenyewe.

Tafsiri ingesaidia. Paradise ya Abdulrazak Gurnah imekuwa Peponi kwa mkono wa Ida Hadjivayanis, imechapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, na waliokisoma wanajua kwamba kitabu kile kimerudi kikiwa na kitu ambacho Kiingereza hakikuwa nacho: watu wake wanasemezana kwa lugha yao. The Book of Secrets ingepata shida tofauti na ya kuvutia zaidi. Watu wa Vassanji wanaongea Kikachi, Kigujarati, Kiingereza na Kiswahili cha dukani, kile cha "kuja hapa, pesa iko wapi". Mfasiri atafanya nini na Kiswahili hicho? Akikisafisha, atakuwa amewaandikia Washamsi ulimi ambao hawakuwa nao. Akikiacha, msomaji wa Kariakoo atacheka, na kicheko hicho kina historia yake, kwa sababu huo ndio ulimi ambao bibi zetu waliuiga walipotoka dukani. Na Feroz atamwita Fernandes nani? Kwa Kiingereza anamwita "sir". Kwa Kiswahili kuna "mwalimu" tu, na mwaka 1988 neno hilo, katika nchi hii, lilikuwa na mwenyewe, ameshatoka Ikulu lakini bado ni mwenyekiti wa chama. Mgoa mzee katika fleti ya Dar, anaitwa kwa jina ambalo kila redio ilikuwa imelizoea kwa mtu mwingine. Nadhani Vassanji angeipenda shida hiyo.